Kikosi cha Bamvua na Kikosi cha Maji Mafu

Siku niliyokabidhiwa timu ya kijiji chetu, jambo la kwanza nililofanya ni kuchora. Nilinunua daftari la hesabu lenye miraba, nikachora uwanja kwa rula, nikaweka mabeki wanne, viungo watatu na washambuliaji watatu. Juu yake nikaandika 4-3-3 kwa wino mwekundu. Majina sikuandika. Niliona majina ni jambo la baadaye, kwamba mfumo ukishakaa sawa watu watajaa wenyewe ndani yake kama maji kwenye mtungi.

Mfumo ule niliupenda kwa dhati. Kuanzia mwaka 2008 hadi 2012, Pep Guardiola alipokuwa kocha wa Barcelona, tulikuwa tukijazana kwenye ukumbi wa televisheni hadi wengine wanachungulia dirishani. Wenzangu walikuwa wakitazama mabao. Mimi nilikuwa natazama pembetatu: Xavi, Iniesta, Busquets, kila mwenye mpira ana wawili wa kumpa. Niliapa kwamba siku nitakayopata timu, vijana wa Lamu watacheza vile.

Tukacheza mechi saba. Tulishinda moja, sare moja, tano tukafungwa. Ya saba ilikuwa bara, na huko tulikula tano bila. Kurudi tulipanda mashua Mokowe jua likizama, na hakuna aliyesema neno hadi taa za Lamu zikaanza kuonekana. Hapo straika wetu, mtu mpole ambaye sijawahi kumsikia akilalamika, akasema bila kunitazama, "Kocha, leo mpira nimeugusa mara nane. Mara tano ni za kuanzisha tulipofungwa."

Maneno yale yaliniuma kuliko mabao yenyewe. Nilikuwa namjua tangu akicheza na mpira wa makaratasi uliofungwa kamba. Alikuwa na jicho la goli ambalo halifundishwi, na mimi nilimwacha mbele peke yake dakika 90.

Ami yangu ni fundi wa mashua. Kesho yake alasiri nilipita kwake, nikamkuta amekaa juu ya gogo anachonga taruma, ubavu wa mashua, kwa tezo.

"Masalkheri, ami."

"Masalkheri, mwanangu. Keti. Nimesikia habari za bara."

Nikaketi. Akachonga kidogo, akapuliza vumbi, akaniuliza, "Hebu nambie. Wale wawili unaowaweka pembeni kabisa, kazi yao ni nini?"

"Ni mawinga, ami. Wanapita ukingoni wakapiga krosi."

"Na ukingo uko wapi?"

Sikumwelewa. Akaweka tezo chini, akachora kwa kidole kwenye vumbi la mbao: uwanja wetu, nyumba upande huu, bahari upande ule. "Mimi hukaa pale chini ya mwembe kila mechi. Winga wako akipata mpira, hatua ya kwanza yuko kwa beki, hatua ya pili yuko nje. Hana pa kukimbilia. Mpira ukipotea, nawaona hao wawili wamesimama huko wakipumua, na wenzao wanakimbizwa." Kisha akaliinua lile taruma nilione lilivyopinda. "Huu mti sikuupinda mimi. Taruma hatulipindi, twaenda kulitafuta lililopinda lenyewe. Ukililazimisha litakubali hapa chini ya mti. Baharini litaachia."

Nilitoka pale nikaenda moja kwa moja kuupima uwanja kwa kamba. Miaka yote niliyocheza pale, tangu mtoto, sikuwahi kuupima. Urefu ulikuwa mita 94, upana mita 48. Sheria za mpira zinataka urefu uwe kati ya mita 90 na 120, upana kati ya 45 na 90, kwa hiyo tumo ndani ya sheria, lakini kwa tabu. Viwanja vikubwa tunavyoviona kwenye televisheni vingi ni mita 105 kwa 68. Upande wa upana tu, wenzetu wametuzidi mita 20.

Nikakaa mchangani nikafanya hesabu ambayo mpaka leo naihesabia kuwa kubwa kuliko zote nilizofanya katika mpira. Mabeki wanne wakigawana mita 68, kila mmoja anapata mita 17 za kulinda. Mabeki watatu wakigawana mita 48, kila mmoja anapata mita 16. Maana yake, kwenye uwanja wetu watatu wanatosha pale ambapo kwingine wanahitajika wanne, na mtu mmoja anabaki mkononi mwangu nimpeleke nitakako. Mechi saba nilikuwa nimemtupa mtu huyo, na mawinga wawili nilikuwa nimewasimamisha mahali ambapo hapana nafasi ya winga.

Na bado sijasema mchanga. Pasi ya chini ambayo kwenye nyasi inakwenda mita 20, kwetu inakufa njiani. Kumkaba mpinzani juu, kwenye nusu yake, ndiyo roho ya ule mchezo wa Barcelona, na mchangani vijana wangu waliweza kuufanya kwa dakika 20. Baada ya hapo walikuwa wanatembea.

Usiku ule nilifungua ukurasa mpya wa daftari na safari hii nilianza na majina. Wachezaji 19, kila mmoja na ukurasa wake. Sikuandika anacheza namba ngapi, kwa sababu namba niliwapa mimi. Niliandika mguu wake ni upi. Akipoteza mpira hufanya nini palepale: anaukimbilia, anashika kiuno, au anamgeukia mwenzake kumlaumu. Uwanjani anasema au yuko kimya. Kazi yake ya mchana ni ipi. Siku gani hayupo. Ilinichukua wiki tatu, maana mengine ilibidi nikawatazame upya. Jioni moja nilimtazama mtu mmoja peke yake saa nzima ya mazoezi, mpira ulipo na usipokuwepo, nikagundua kwamba kijana niliyekuwa namwita mvivu alikuwa akisogea kila mara kuziba nafasi iliyoachwa na mwenzake. Hakukimbia kwa sababu alikuwa ameshafika. Nilikuwa nimemkalisha benchi mechi nne.

Kurasa zile 19 zilinifadhaisha. Masentahafu wazuri, mabeki wa kati, nilikuwa nao wanne, na kila mechi wawili walikuwa nje. Mmoja ni mpakiaji wa mawe na boriti, mtu ambaye mpira wa juu ukikutana na kichwa chake hurudi ulikotoka. Viungo wa kati walikuwa watatu na wote watatu walitaka namba nane, ya kiungo anayepanda, na kusema kweli wote waliistahili. Washambuliaji wawili wametafutana tangu madrasa, mmoja akiinua kichwa mwenzake ameshaanza kukimbia, na mimi nilikuwa nimewatenga, mmoja katikati na mwingine winga ya kulia. Beki wa pembeni wa kweli, wa kupanda na kushuka, sikuwa na hata mmoja. Winga wa kweli, mmoja tu.

Yaweke hayo kwenye karatasi bila kuandika mfumo wowote, uone. Watatu nyuma, watano katikati, wawili mbele. Sikuwa na haja ya kuchagua.

Hapa niseme jambo moja kwa wale wanaobishana kama 3-5-2 ni ya kisasa au imepitwa na wakati, kana kwamba tunazungumzia nguo. Mfumo huzaliwa na shida. Mwaka 1925 sheria ya kuotea ilibadilishwa: mshambuliaji akahitaji wapinzani wawili tu kati yake na mstari wa goli, badala ya watatu. Uingereza mabao yakafunguka kama bomba lililopasuka, na Herbert Chapman wa Arsenal akamrudisha kiungo wake wa kati nyuma, akae baina ya mabeki wawili. Alikuwa na tundu, akaliziba kwa mtu aliyekuwa naye. Kocha wa kijiji anafanya kazi ileile, tofauti ni kwamba yeye hana pesa ya kununua kizibo.

Na 3-5-2 ina tundu lake, kila mtu anajua. Wale wawili wa pembeni, kila mmoja anabeba kazi ya watu wawili. Kulia nilimweka mwanafunzi wa sekondari, mwembamba, mapafu kama mvukuto, na ukimwambia jambo mara moja limeingia. Kushoto alibaki yule winga wangu wa pekee. Mguu wa kushoto wa kuzaliwa nao, kipenzi cha kijiji, na kazi yake ni uvuvi wa pweza.

Nilimfuata ufukweni kabla ya adhuhuri. Alikuwa ametoka mwambani, nguo bado zinachuruzika, nyayo zimekunjamana kwa maji, anampiga pweza kwenye jiwe ili alainike.

"Salaam aleikum."

"Waaleikum salaam, kocha." Hakuacha kupiga.

"Nataka ucheze kushoto, lakini uanzie nyuma."

Pweza akashuka juu ya jiwe. Pa. "Nyuma wapi?"

"Tukiwa na mpira wewe ni winga. Tukiupoteza unashuka, unakuwa beki."

Pa. "Yaani namba tatu, beki wa kushoto?"

"Ukingo wote ni wako. Kutoka kibendera hadi kibendera, hakuna mtu mwingine."

Akasita, pweza ananing'inia mkononi. "Mamangu huja kuniangalia nikifunga, kocha. Haji kuniangalia nikikaba."

Sikutaka kumjibu kwa amri. Nikakaa juu ya jiwe lingine nikamweleza habari za Victor Moses, Mnigeria aliyekuwa Chelsea. Moses alikuwa winga kama yeye, na kwa misimu kadhaa klabu ilimwazima huku na huko: Liverpool, Stoke, West Ham. Septemba 2016 Chelsea ilifungwa tatu bila na Arsenal, na kocha Antonio Conte katikati ya mechi ileile akaanza kupanga mabeki watatu. Mechi iliyofuata akamweka Moses pembeni kulia, ukingo mzima awe wake. Wakashinda mechi 13 za ligi mfululizo, na mwisho wa msimu walichukua ubingwa kwa pointi 93.

"Na huyo Moses, alifunga?"

"Alifunga. Bao la ushindi dhidi ya Tottenham ni lake."

Akampiga pweza mara mbili za mwisho, akamtosa kwenye ndoo. "Basi nitajaribu. Lakini nikichoka nitakwambia."

Nikasema sawa. Nikaondoka na furaha yangu, na sikumuuliza kuchoka kwake huja lini. Alikuwa mbele yangu, maji ya bahari yakimtoka mwilini, na sikumuuliza.

Mechi ya kwanza ya mfumo mpya tulifungwa mbili kwa moja, na safari hii niliweza kuona kwa nini. Mabeki watatu walizoea kuwa wanne. Mmoja akivutwa pembeni, wawili waliobaki walisimama walipokuwa, na katikati pakafunguka mlango. Nikaenda kwa ami kuazima kamba ya mashua. Nikakata vipande viwili vya pima nane nane, kiasi cha mita 14 hivi. Beki wa kati akashika ncha mbili, moja kila mkono, na wenzake wakashika ncha za mwisho. Hakuna kufunga kiunoni, mtu angeanguka. Nikatembea na mpira taratibu kutoka kulia kwenda kushoto. Kamba ikilegea, wamebanana mno. Ikikaza hadi kumtoka mtu mkononi, wameachana. Siku ya kwanza tulitembea tu, dakika 40, bila hata shuti moja, na vijana walinung'unika. Siku ya nne niliichukua kamba, nikawaambia wacheze, na nikawaona wanakwenda pamoja, vidole vimekunjwa kana kwamba kamba bado wameishika.

Baada ya hapo hatukufungwa mechi sita. Wale washambuliaji wawili nilikaa nao mara moja tu, sikuwa na la kuwafundisha. Viungo watatu wa kati walielewana kwa njia yao: yule niliyemwita mvivu alibaki nyuma ya wenzake kama namba sita, na hakuna mpira uliobaki bila mwenyewe uliompita. Yule straika wa kwenye mashua aliacha kuhesabu mara alizogusa mpira.

Nikaupenda ule mfumo. Naomba msomaji alishike hili, kwa sababu ndilo lililonifanya niandike. Nilikuwa nimeitoa 4-3-3 moyoni, na mahali pake nikaiweka 3-5-2, na moyo ukafungwa tena.

Kwa asiyekulia pwani nieleze kidogo. Mwezi ukiandama, na tena ukiwa mpevu, huja bamvua: maji hujaa sana na hutoka sana. Katikati ya bamvua mbili huwa na maji mafu, bahari haipandi sana wala haishuki sana. Kwetu siku za bamvua maji hutoka kabisa kama saa nne asubuhi, miamba inabaki wazi, na hapo ndipo mvuvi wa pweza anapata riziki yake. Anatembea mwambani saa tatu, nne, mkuki mkononi, akiinama kila tundu, miguu ikiteleza kwenye mwani. Halafu alasiri maji hayohayo hurudi na kujaa. Uwanja wetu uko jirani na ufuo, na bamvua kubwa ikija, mchanga wa ukingo ule wa bahari hulowa kutoka chini ukawa kama uji. Mpira ukitua pale haudundi.

Nusu fainali ya mashindano ya vijiji iliangukia mwezi 15, siku ya bamvua. Mechi saa kumi na nusu. Kijana wangu alitoka mwambani adhuhuri, akasali, akala, akajinyoosha kidogo, akaja. Nilimuona anafunga kamba za viatu polepole. Nilimuona. Lakini tulikuwa hatujafungwa mechi sita, na karatasi yangu ilikuwa imeandikwa tangu Jumatano.

Nusu ya kwanza alijikaza. Kipindi cha pili yeye ndiye aliyekuwa upande wa bahari ya matope. Dakika ya 60 hivi alipanda na mpira, ukapotea, akageuka kushuka, na nikaona mguu wa kushoto unamgomea. Akaanguka ameshika shavu la mguu. Mpira ulikuwa bado unachezwa. Walipita palepale kwake, krosi, kichwa, goli. Sikuwa na mtu benchi wa kuziba nafasi yake, kwa sababu mfumo nilioupenda niliupanga ukimtegemea yeye, na sikumtafutia msaidizi hata mazoezini. Bao la pili lilipitia hukohuko. Tukatolewa.

Filimbi ilipopulizwa alinijia akichechemea. "Nisamehe, kocha. Miguu niliiacha mwambani."

Nilimkumbatia, na nikamwambia mbele ya wenzake kwamba kosa ni langu. Nilimwambia hivyo kwa sababu ndivyo ilivyokuwa. Aliniahidi ataniambia akichoka, na mimi ndiye niliyetakiwa kuuliza. Mvuvi wa pweza hawezi kuacha bamvua kwa ajili ya mpira. Bamvua ndiyo unga na sukari ya nyumbani kwao.

Kwa siku nyingi baada ya hapo nilikuwa nikiikumbuka Moroko ya Kombe la Dunia la 2022. Lamu nzima tulikuwa nyuma yao, bila shaka. Dhidi ya Hispania waliacha wenzao wapige pasi zaidi ya 1,000 na wakawatoa kwa penati. Robo fainali dhidi ya Ureno walikosa mabeki wawili wa kawaida, Aguerd na Mazraoui, na aliyeshika nafasi ya Mazraoui, Attiat-Allah, ndiye aliyepiga krosi ya bao la En-Nesyri. Mfumo uleule, watu wengine, na ukafanya kazi, kwa sababu walioingia walikuwa wazima. Kisha ikaja nusu fainali na Ufaransa, tarehe 14 Desemba. Kocha wao Walid Regragui akabadilisha, akaweka mabeki watano, na ndani yao alikuwamo nahodha Romain Saïss aliyeumia kwenye mechi ya Ureno. Dakika ya tano Theo Hernández akafunga. Dakika ya 21 Saïss akatoka, wakarudi kwa mabeki wanne waliowazoea, na kuanzia pale ndipo tuliowapenda tukaanza kusimama vitini tena. Walifungwa mbili bila. Simlaumu kocha yule, ni shujaa kwangu na atabaki kuwa shujaa. Lakini nilipoyaona ya kwangu niliyaelewa ya kwake: mabeki watano kwenye karatasi, na mmoja wao hana mguu.

Kwa hiyo sasa nina vikosi viwili. Ukutani nimetundika kalenda yenye tarehe za mwezi, na tukipewa ratiba, kabla ya kumuuliza mtu mpinzani ni nani, nahesabu mwezi.

Maji mafu, tunacheza 3-5-2 yetu na mvuvi wangu anakula ukingo wote. Bamvua, tunacheza 4-4-2 ya kubanana. Masentahafu wote wanne wanaingia, wawili wa nje hawapandi kabisa, wanakaa. Upande wa bahari hatushambulii, tunauacha kwa maji, na tunasukuma kila kitu upande wa nyumba ambako mchanga ni mkavu. Mpinzani mgeni hujaribu kupita upande wa bahari kwa sababu anauona uko wazi, na mpira unamfia miguuni. Mvuvi wangu anakaa benchi. Dakika ya 65, ikibidi, anaingia mbele kabisa, asikabe, afanye lile analolijua kwa dakika alizonazo.

Watu huniuliza vijana wa kijijini wanawezaje kushika mifumo miwili. Wanaweza kwa sababu kati ya kikosi kimoja na kingine ni watu watatu tu wanaobadilishiwa kazi. Wanane wanafanya kilekile walichofanya wiki iliyopita. Washambuliaji wawili ni walewale, wanatafutana vilevile. Namba sita anaziba vilevile. Nilijaribu mara moja kuwabadilisha watu sita kwa pamoja, na kipindi chote cha kwanza nilisikia uwanjani sauti za "Huyo ni wako! Ni wako wewe!" Sikurudia.

Ugenini ni hesabu nyingine. Tukienda Faza, kisiwani Pate, tunapita Mkanda, mlango mwembamba wa bahari, na Mkanda unataka maji yaliyojaa. Ukichelewa, mashua inakaa kwenye tope na mechi inakusubiri au haikusubiri. Mashua tunayokodi inabeba wachezaji 14. Basi wale watatu wa akiba nawachagua wanaoweza kucheza sehemu mbili mbili, hata kama kuna mwingine aliyewazidi kwa sehemu moja. Kumwacha kijana gatini wakati wenzake wanaondoka ni jambo zito, na huwa nakwenda kwao usiku wa kabla yake kumwambia, mbele ya wazee wake, nikimweleza sababu.

Na upepo. Uwanja wetu umelala kusini kwa kaskazini, kwa hiyo kusi ikivuma au kaskazi, kuna goli moja la raha na moja la tabu. Nahodha wangu akishinda sarafu anachagua kucheza dhidi ya upepo kwanza, vijana wakiwa na nguvu. Mpira unaopigwa dhidi ya upepo husimama hewani ukarudi, na hapo yule mpakiaji wa mawe yuko nyumbani. Kipindi cha pili, upepo uko mgongoni mwetu, mashuti ya mbali yanakuwa na miguu yao wenyewe.

Jumamosi hii tunacheza nyumbani. Mwezi utakuwa 12: maji mafu yamekwisha na bamvua haijafika. Kalenda haikunisaidia. Nilikaa na daftari nikaona siwezi kuamua mezani, nikateremka ufukweni kumtafuta mwenyewe. Alikuwa anatengeneza mshipi.

"Jumamosi utakwenda mwambani?"

Akatazama maji, akafikiri. "Hayatoki vizuri siku hiyo. Nitakwenda kidogo asubuhi, saa tano niko nje."

"Na miguu?"

"Miguu itakuwepo, kocha. Mamangu ashasema atakuja."

Nimemwandika kushoto, kwa penseli. Kando yake nimeandika jina la kijana wa miaka 17 ambaye tangu mwezi uliopita namfundisha nafasi ile, na Jumamosi saa tisa, kabla ya kugawa jezi, nitakaa karibu na mvuvi wangu nimtazame anavyofunga viatu.